Ringi ya Masazo: Kumuaga Mzee Luhende

Mzee Luhende, shikamoo. Mama Suzana, shikamoo na wewe, na miguu inaendeleaje, imeacha kuvimba? Paskazia mwanetu, mwenye nyumba hapo Ng'ambo ya Tabora, hujambo? Mumeo hajambo? Mjukuu wetu Shukrani, habari za shule, na lile jino la mbele limeshaota? Sisi huku Masazo ni wazima, tunamshukuru Mungu. Marko jirani yako anakusalimu sana, goti ni lile lile na maneno ni yale yale. Anifa wa hapo kisimani anakusalimu, anasema kikombe chako cha bati ulikisahau kwake na harudishi mpaka uje ukichukue mwenyewe. Julieth binti yangu ndiye anayewasomea, kwa hiyo salamu zake mnazo. Hata mbwa wako anasalimu. Amelala mlangoni pa ghala, tumemwita amekataa. Na mwanangu Valentino, popote alipo, najua angekusalimu.

Viongozi wa chama na wageni wote mliofika, nanyi pokeeni salamu zetu kwa heshima. Mliagiza mfanyakazi mwenzake aandike wasifu wake usomwe leo, na kazi hiyo imeniangukia mimi, Bertila, mchuja asali. Ilikuwa nije niusome mwenyewe. Sikuweza, na sababu mtaisikia huko mbele. Msidhani ni dharau.

Mzee Luhende amekitumikia chama chetu cha wafuga nyuki kwa miaka thelathini na minne, yote akiwa mpokeaji wa asali katika kituo cha Masazo. Amestaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Siku hiyo hiyo kituo nacho kimefungwa, na asali yetu sasa itafuatwa na lori.

Kwa wageni msiopajua Masazo, na najua ni wengi, maana hata kwenye ramani ya ofisini hatumo: ukitoka Tabora kuelekea Usoke, unaiacha reli, unashika njia ya baiskeli katikati ya miyombo mpaka ufike bondeni penye visima. Hapo ndipo. Si kijiji, na kitongoji pia hatujawahi kuandikishwa. Serikali inatuhesabu pamoja na watu wa kijiji cha barabarani. Kura tunapigia kule, chanjo za watoto tunafuata kule. Lakini kaburi mtu anachimbiwa Masazo.

Ile njia ya baiskeli, wazee wanasema, ndiyo njia ya misafara iliyokuwa ikitoka pwani, inapita Tabora, inakwenda Ujiji. Msafara haukuwa na subira na mgonjwa. Mpagazi akizidiwa alilazwa kivulini karibu na maji, akaachiwa kibuyu na unga kidogo, wenzake wakagawana mzigo wake wakaenda. Wengi waliishia hapo. Wa kwanza kupona alikuwa mwanamke mwenye kidonda mguuni. Jina lake hatunalo, tunamwita Bibi tu. Alipopata nguvu za kusimama alitundika jembe la chuma aliloliokota kwenye mzigo uliotupwa, akawa analigonga kila jua likishuka, ili aliyeachwa huko nyuma asikie kwamba mbele yake kuna mtu. Wakaja. Wengine walikuja kwa kutambaa. Wanyamwezi, Wamanyema, Wagogo, hata mtu mmoja wa pwani aliyekuwa akilia kila akiona samaki mkavu. Wapita njia wakawaita masazo, mabaki ya msafara, kwa kuwacheka. Jina likabaki, nao wakabaki nalo, wakaoana.

Bibi alituachia na desturi moja. Anayekuja kwa kufuata sauti ya chuma haulizwi kitu. Anapewa maji, anapewa chakula, anatandikiwa. Alikotoka, kilichompata, amekuja na nini, hayo ni ya kesho yake, na akitaka mwenyewe.

Jembe liliisha kwa kugongwa, kikaja kipande cha reli. Ule mwaka wa watu kuhamishiwa vijijini, Masazo yote ilipelekwa barabarani, nyumba zikaezuliwa, na kile kipande cha reli kikapotea hatujui wapi. Marko alikuwa kijana wakati huo. Anasema miaka ile ya barabarani, jua likishuka watu wazima walikuwa wanatoka wanasimama uani, mtu na mkono kiunoni, hajui amesimamia nini. Halafu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakijitetea kwamba wamefuata mizinga yao ya nyuki. Mizinga! Mtu anarudi na mkewe, na kitanda, na kinu, anasema amefuata mizinga.

Basi Mzee Luhende alipoletwa na chama, kijana wa Nzega, mwembamba, na baiskeli na mizani na mapipa, aliikuta Masazo iliyorudi lakini haina sauti. Alikuja na ringi ya tairi la lori ili siku za kupokea asali aigonge kwa nondo, watu waje. Marko ndiye aliyemwendea.

"Kijana, hiyo ringi yako inalia?"

"Inalia, mzee."

"Basi iwe inalia na jioni, jua likishuka."

"Jioni nimwite nani? Sipokei asali jioni."

"Wewe gonga tu, mengine siyo ya chama."

Aligonga kwa kumheshimu mkubwa. Mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba aliona watu wanatoka majumbani, wanawake wana unga mikononi, wazee wanashika nguzo za mlango. Yule aliyekuwa na mtoto porini alitazama porini. Yule aliyekuwa na ndugu aliyepotelea mjini alitazama njia. Akaona kesho asipogonga hataweza kuwatazama usoni. Kesho yake akagonga. Ndiyo akagonga mpaka mvi zikatoka.

Kazi yake ya chama aliifanya sawasawa, na mimi niliyekuwa naye ghala moja ndiye shahidi. Hakupokea asali yenye moshi hata kama mwenye asali ni shemeji yake, na shemeji zake wanalijua hilo. Alitufundisha sisi wanawake kuchuja kwa kitambaa safi bila kukamua, akawa anapita nyuma yetu anasema, "Acheni idondoke yenyewe, asali haina safari." Kabla yake nta tulikuwa tunatupa jalalani. Yeye ndiye aliyetuonyesha kuiyeyusha, na nyumba nyingi za Masazo zimeezekwa bati kwa nta hiyo.

Alikuwa mtu wa vichekesho pia, ingawa uso wake haukuonyesha. Siku mgeni mkubwa alipokuja kufungua ghala jipya, amevaa suti nyeupe na kiatu kinang'aa, mtu mmoja alichoma mishikaki karibu na mizinga. Nyuki wakatoka. Mzee Luhende akapaza sauti, "Laleni kifudifudi wote!" Tukalala, na mgeni akalala, tena palepale penye majivu ya nta. Nyuki walipokwisha kupita tuliinuka, mgeni amekuwa nusu mweupe nusu mweusi. Mzee Luhende akamwendea kwa adabu zote, akamwambia, "Mheshimiwa, sasa ghala limefunguka." Yule mgeni alicheka mpaka akakaa chini. Akanywa wanzuki, pombe yetu ya asali, na sisi, akaondoka jioni anaimba.

Na yale ya Marcelina lazima niyaseme, Marko asinichukie. Dada yake Marko aliyeitwa hivyo alikwenda mjini zamani, hakurudi. Jioni moja, ringi imeshalia, tukaona mwanamke anatokea njiani amechoka, begi begani, umri ule ule, hata mwendo. Marko akaanguka kilio, "Marcelina! Marcelina wa mama!" Wanawake tukapiga vigelegele. Tukampa maji, tukampikia kuku, tukaleta na matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha. Kila mtu anamkumbatia, yeye anaitika tu. Mimi nilitaka kumuuliza habari za mjini, Mzee Luhende akanikata jicho, "Mama Valentino, desturi." Basi nikamwongezea mchuzi. Asubuhi mgeni amekunywa uji ameshiba, ndipo akasema yeye ni muuguzi wa chanjo, alikosea njia ya kijiji cha barabarani, na jina lake ni Magreth. Tukamuuliza, sasa jana kwa nini ulikuwa unaitika? Akasema, "Mama zangu, nilikuwa na njaa, na nyie mlifurahi sana." Mpaka leo akipita na chanjo anamletea Marko sukari, na Marko anamwita dada. Siku hizi anajua kwamba siye. Anamwita hivyohivyo.

Sasa niseme langu, halafu nimalize.

Mume wangu, marehemu Mhoja, alikuwa mfuga nyuki. Mwaka mmoja, miezi ya ukavu, moto ulishika msitu upande aliokuwa na kambi. Moshi ulijaa mchana hadi jua likawa jekundu kama kaa, ukinyoosha mkono hukioni kiganja. Wenzake walitoka, yeye hakutoka. Mzee Luhende hakungoja jioni. Alishika nondo mchana ule akagonga. Watu wakamwambia mzee pumzika tukupokee, akakataa, anasema mkibadilishana mkono na sauti itabadilika, Mhoja atadhani amezunguka amefika kwingine. Akagonga peke yake, damu inachirizika kwenye nondo. Mhoja alitokea kwenye moshi anatembea kama mlevi, kitambaa mdomoni. Alikuwa haoni kitu, alikuwa anafuata sikio. Nilimpa maji. Sikumuuliza kitu. Nilikaa naye miaka mingine mingi baada ya hapo, na miaka hiyo, ndugu wageni, nilipewa na huyu mnayemuaga leo.

Mwanangu Valentino ndiye aliyefuata kuondoka, lakini yeye hakwenda porini. Alikwenda machimbo ya dhahabu upande wa Kahama, baada ya baba yake kufariki. Alisema, "Mama, misimu miwili tu, narudi na bati za nyumba yako." Alikuwa anapiga simu. Baadaye akawa anapiga kwa nadra, sauti imekuwa ndogo, anasema mambo bado. Halafu simu yake ikawa haipatikani. Waliorudi kutoka huko wanasema walimwona mzima, ila hana kitu na anaona aibu. Mimi bati sizitaki. Nilipo panavuja, naweka sufuria, basi.

Ringi ya jioni ina mwendo wake. Kwanza mapigo ya haraka haraka kama mtu anayebisha hodi, kisha ya polepole, yakisubiriana. Hivyo ndivyo tulivyoizoea. Lakini tangu simu ya Valentino ikatike, nilisikia Mzee Luhende akimaliza ya polepole ananyamaza, unadhani ameshatundika nondo, halafu anagonga moja peke yake. Inakwenda mbali hiyo, inapita visima, inaingia mitini. Sikumuuliza ni ya nani. Naye hakuniambia. Asubuhi tukikutana ghalani tulisalimiana, tukafunua mapipa, tukaendelea na kazi.

Kwa hiyo habari ya kufunga kituo ilipokuja, wenzangu waliwaza mizani na mapipa. Mimi niliwaza ringi. Bwana Nasri wa ofisini, na hapo alipo namheshimu, kijana mpole, alikuja kusimamia upakiaji. Alisema mali yote ya kituo inakwenda mjini, ringi ikiwemo. Nilimfuata mpaka kwenye lori.

"Mwanangu, mizani chukua. Hiyo ringi tuachie."

"Mama, siku hizi kuna simu. Mtu akipotea si anapiga?"

"Simu unampigia mtu unayejua alipo."

Hakuwa na ruhusa, na simlaumu. Ringi ikapakiwa. Tulisimama pale Masazo nzima tunaitazama juu ya magunia. Marko alivua kofia kama kwenye msiba. Mimi nikakaa kwenye jiwe. Nilikuwa nawaza jioni ya siku hiyo itakavyokuwa kimya, na mtu akiwa njiani anarudi kwa aibu yake, anasita kwenye ile njia panda ya relini, hasikii kitu, anasema basi hawanitaki, anageuka.

Hapo Mzee Luhende akatoka ndani, tayari amevaa koti la safari. Akamuuliza Nasri, "Zawadi ya mstaafu kwenye chama bado ni baiskeli?" Nasri akasema ndiyo mzee, mpya kabisa, utakabidhiwa siku ya sherehe. Mzee Luhende akasema, "Naomba mbadilishe. Mnikabidhi ringi, na mnikabidhi sasa hivi." Nasri alidhani ni utani. Alicheka, kisha akaona uso wa mzee, akaacha. Akatembea mpaka juu ya kichuguu kile chenye mtandao, akapiga simu kwa mwenyekiti, akazungumza muda. Aliporudi alipanda mwenyewe kwenye lori akaishusha.

Wote mnajua baiskeli ya Mzee Luhende ilivyo, ile aliyokuja nayo. Haina breki, kiti hakina sponji, tairi limeshonwa kwa uzi wa viatu. Kwa hiyo leo mtakapoitwa zawadi zitolewe, mkimwona anapita mbele anapeana mkono na mwenyekiti anarudi mikono mitupu, msicheke, na msiseme chama kimemdhulumu. Zawadi yake iko huku. Aliitundika kwenye mninga ulio mbele ya mlango wangu, akajaribu kamba kwa kuining'inia na uzito wake wote, akanipa nondo. Aliniitikia kwa kichwa tu, akapanda lori.

Na ndiyo sababu sikuja. Sherehe yenu inaisha jioni, na jioni mimi nina kazi.

Mzee Luhende, sasa nazungumza na wewe. Chama kinakushukuru, na Masazo inakushukuru, hata kama hatumo kwenye ramani. Kaa salama hapo Ng'ambo. Barabara vuka kwa utulivu, bodaboda za huko hazina macho. Ule mguu wenye kidonda usiuloweshe. Koti ulivae, usiku wa mwezi huu una baridi, na mkeo Mama Suzana asikuchekee ukikataa. Asali nimempa Julieth galoni, ni ya mzinga wa Marko, haina moshi, onja mwenyewe. Mungu akupe uzee wa kukaa kitako na wajukuu, watu wakusalimie kwa jina, na siku zako zote ziwe tamu.

Nina mambo mawili ya kukuomba. La kwanza, najitahidi lakini sauti si yako. Ya haraka naiweza, ya polepole naiweza. Ile moja ya mwisho inanishinda, kwangu inakuwa fupi, inaishia visimani. Ulikuwa unaigonga wapi, ukingoni au karibu na tundu? Na nondo unaishika katikati au mwisho? Niambie vizuri, mwonyeshe Julieth kwa mkono aone.

La pili, hapo ulipo mabasi ya Kahama yanashusha watu karibu. Ukimwona Valentino, hata kama amekonda, hata kama amekunja uso, usimuulize kitu. Mpe maji kwanza. Mlishe. Kisha mwambie tu kwamba mninga wa mlangoni kwetu siku hizi una ringi.

Julieth anageuza Jumanne. Asirudi bila jibu lako, hata likiwa neno moja. Tafadhali sana usichelewe, baba, maana huku jua halikosi kushuka hata siku moja.